Wolyuniti ya Luseno

Kama kuna neno moja la uongo humu, wanirudishe reli nifanye upya ile miaka thelathini ya kutengeneza mabehewa, safari hii bila mshahara.

Mwaka huu wa 1994, hapa mtaani Umoja, jirani yangu Luseno, karani wa kaunsili, alinunua wolyuniti, kabati la sebuleni. Si kabati lile, ni ghorofa. Ilibidi fremu ya mlango ing'olewe ndipo iingie, na ilipoingia wenye nyumba wakabaki kupita upandeupande. Hakutosheka. Akaiinua juu ya matofali sita ili wapita njia waione dirishani. Kule kileleni akaweka televisheni, na juu ya televisheni maua ya plastiki.

Nilimwambia, "Baba Mourine, ifunge ukutani. Vipande viwili vya chuma na skurubu."

Akaniangalia kama fomu iliyojazwa vibaya. "Mzee Omolo, kitu cha mvule kifungwe kama mbuzi? Wageni watasema nini?"

Mvule gani. Plaiwudi iliyopakwa vanishi. Na Mourine, mtoto wa miaka miwili, alikuwa ameshagundua kwamba droo zikivutwa zinakuwa ngazi ya kuendea maua. Baba yake akicheka tu, eti binti atakuwa rubani. Kichwa kitupu kuliko zile droo.

Jumapili moja watu wa kanisa wakaja kuibariki. Ndiyo, kubariki plaiwudi. Mchungaji akasema tufumbe macho, akaanza kuomba, na yule akianza, chai hupoa. Mourine akavuta droo ya kwanza, akavuta ya pili, akapanda. Matofali yakalia. Kabati likainama.

Nikaruka. Kabati nikalizuia kwa kidole cha mwisho, televisheni nikaipokea kwa goti, mtoto nikamweka begani, nikasimama hivyo dakika arobaini mpaka amina, nisije nikakatiza maombi. Walipofumbua macho walinikuta nasinzia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika juzi, nikisimulia kwenye ngazi za ploti yetu ya nyumba za kupanga, watu wameduwaa, nikasikia sauti ya Benta, jirani wa mlango wa pili, nyuma yangu.

"Mzee Omolo, Mourine nilimvuta mimi, kwa gauni. Kabati likaangukia kiti chako, kikawa kuni. Wewe ulikuwa jikoni na chapati tatu."

"Mbili," nikasema.

Ploti nzima ikacheka, isipokuwa Khalayi, mama yake Mourine. Yeye ndiye angemzika mtoto.

"Na lile kabati lako la vyombo, mzee," akauliza, "limefungwa?"

Mjukuu wangu hulala chini ya kabati hilo. Nikatia mikono mfukoni.

"Fundi mzima wa reli," akasema taratibu. "Dawa unaijua, mdomo unao, mikono umeiweka mfukoni."

Wakanihukumu palepale: skurubu na vyuma kwa pensheni yangu, kazi kwa mikono yangu, nyumba zote kumi na mbili, nikianza na kwangu. Luseno aliambiwa ashushe yake kutoka kwenye matofali, akaishusha, na wageni hawajasema kitu.

Msimamizi wangu ni Benta. Nikimaliza kukaza, analishika kabati kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu zake zote. Likicheza hata kidogo, nafungua, narudia. Leo tuko nyumba ya saba, na chai hanipi.