Kiti cha Mgeni Asiyesali

Katika milima ya Nyamitaba, mgeni akikaribishwa kiti ndani ya nyumba ya Wakristo, yeye ndiye anayefunga mazungumzo kwa sala. Kasika alilijua hilo tangu utotoni. Baba yake, mfanyabiashara wa Butembo, hakupata kutoka katika nyumba ya mteja bila kuinamisha kichwa. Lakini siku ile Kasika hakuja kama mwana wa baba yake. Alikuja kama mtafiti, na utafiti wake ulihusu umaskini.

Alimhoji Mama Athanasie kwa utaratibu aliousomea. Aliuliza swali, akanyamaza. Mama aliposita, hakumsaidia hata kwa kutikisa kichwa. Nyuma ya pazia mume wa Mama, mzee Sebarenzi, alikohoa kikohozi kirefu, chenye maji ndani yake.

"Mbona unanyamaza hivi, Papa Profesa? Unanitisha." Papa ndivyo alivyomwita kila mwanamume wa heshima.

"Ninangoja jibu, Mama. Nikikusaidia, jibu litakuwa langu. Mwenye kuuliza sharti angoje."

"Hata kama jibu iko mbali?"

"Hata kama iko mbali."

Maswali yalipokwisha, Mama alikunja mikono. "Sasa utufungie na sala. Muzee hana tena nguvu. Umutaje jina."

Kasika aliinuka kutoka kiti cha miguu mitatu alichokaribishwa. Mapadri waliomlea bwenini walimfundisha kwamba kanuni haina likizo, na kanuni ya kazi yake ilikuwa wazi: mtafiti hamwombei anayemhoji, asije akajibiwa kwa shukrani badala ya ukweli. Naye alikusudia kurudi na maswali mengine.

"Kwa sasa siwezi, Mama. Kazi yangu hairuhusu."

Uwamariya, mkwe wa Mama, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, aliangua kicheko. "Eh! Huyu njo mukatoliki gani? Ao kule Butembo siku hizi sala inauzishwa?"

"Umuache," alisema Mama. Akamtazama Kasika bila hasira. "Basi utafunga siku utarudi. Kiti yako itangoja."

Kasika aliondoka akijivunia uthabiti wake. Fahari ile ilimfikisha Walikale, ikaishia huko.

Huko Walikale, katika nyumba zilizonukia mawese na muhogo uliolowekwa, kila alipoketi alisikia kikohozi nyuma ya pazia, hata pale pasipokuwa na pazia. Akaanza kuhoji amesimama, kama mdai. Watu wakamjibu kwa mkato, macho yao kwenye viatu vyake. Jumapili kanisani aliimba vizuri akasali vibaya: kila alipofika kwenye Amina ulimi ulimgomea, kana kwamba sala zake zote zilikuwa zikingoja nyingine itangulie. Alijiambia kuwa ni uchovu. Alikuwa hodari wa kujiambia mambo.

Kisha motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyetoka Masisi, akaleta habari: vita vimepita Nyamitaba, watu wamekimbilia kambini Kitshanga. Kasika alipanda nyuma ya pikipiki ile ile.

Alimkuta Mama Athanasie mlangoni mwa kibanda cha turubai, ameketi juu ya majani ya mgomba. Ndani, mahali pakavu kuliko pote, kilisimama kile kiti cha miguu mitatu. Uwamariya alikuwa amechuchumaa kando yake, kwenye tope. Safari hii hakucheka.

"Sufuria tuliiacha," alisema. "Blanketi pia. Kiti, hapana! Mama aliibeba ku kichwa, na anakatala mutu aikalie. Ati mugeni hajafunga."

"Na mzee?"

"Alibakia ku njia. Kikohozi ilimumaliza," Mama alijibu. "Alikuwa anauliza kama ule Papa alisharudi."

Kasika alikitazama kiti. Akisali, mahojiano ya nyumba ile yatakuwa yamechafuka, na itampasa ayaondoe katika utafiti kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, kiti kile kitaendelea kukaliwa na asiyekuwepo, na wenye nyumba watalala topeni.

Akaingia, akaketi. Alijua sala kwa Kilatini, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mama yake. Haikumjia hata moja. Yalimjia maswali ya utafiti wake.

"Bwana," alianza, na sauti yake ikamshangaza, "katika nyumba hii wanalala watu wangapi?"

Wanawake wale walitazamana. Kisha Mama akaitikia kama watu waitikiavyo kanisani, "Twakuomba utusikie."

"Wanakula mara ngapi kwa siku? Usiku wa jana, nani alilala na njaa?"

"Twakuomba utusikie," waliitikia wote wawili.

"Aliyetoka katika nyumba hii, alitoka kwa sababu gani? Nani alikuwa naye? Jina lake..." Hapo alikwama. "Jina lake ni Sebarenzi."

"Twakuomba utusikie."

Mvua ilianza kupiga turubai. Kasika alivuta pumzi ili aseme Amina, na safari hii aliisikia Amina ikimpanda kooni. Mkono wa Mama, mkavu na wa baridi, ukamshika kiganja.

"Hapana, Papa. Umeuliza. Sasa ngoja."

"Lakini, Mama..."

"Hata kama jibu iko mbali."

Akanyamaza. Hakutikisa kichwa, wala hakumsaidia aliyeulizwa. Maji yalipenya chini ya turubai, yakaizunguka miguu mitatu ya kiti. Nyuma ya turubai mtu akakohoa, kikohozi kile kile kirefu, chenye maji ndani yake.

Hakuna aliyegeuka.