Peremende Baada ya Moto

Kipruto alikuwa dereva wa lori, na kwa miaka miwili mfululizo siku ya kuzaliwa ya bintiye Cherop ilimkuta barabarani. Mwaka wa kwanza alikwama Salgaa akisubiri fundi. Mwaka wa pili alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani Malaba. Mwaka huu aliomba likizo mapema, akarudi nyumbani Free Area, Nakuru, na akaahidi kwamba biskuti za sherehe angezioka yeye mwenyewe. Cherop alilitangaza jambo hilo darasani.

"Weldon hakuamini," alimwambia baba yake. "Anasema mimi niko na baba wa kwenye simu tu."

Kipruto alifunga aproni ya mkewe.

Ilikuwa Jumamosi, na wageni wangefika saa tisa. Mkewe Natasha, aliyekuwa muuguzi, alikuwa zamuni hadi saa nane na nusu. Alikuwa amemwachia maelekezo kwenye karatasi: majarini, sukari, yai moja, unga wa ngano, kanda, viringa, oka dakika kumi, juu weka peremende za chokoleti za rangi. "Ni rahisi," alikuwa amesema. "Hata wewe utaweza."

Saa saba unusu moshi ulitoka dirishani. Peremende zilikuwa zimepasuka, chokoleti imemwagika na kuungua, na biskuti kumi na mbili zimegeuka makaa. Unga uliosalia ulitosha trei moja. Peremende ilibaki pakiti moja.

Wakati huohuo lango lilifunguliwa, akaingia Nerima, mama mkwe wake, bibi ambaye Cherop alimwita Kukhu.

Nerima alikuwa Mbukusu wa karibu na Kitale. Alikuwa amefundisha upishi katika shule ya wasichana kwa miaka ishirini na mitano, na angeweza kuiokoa trei ile kwa mikono yake miwili. Lakini katika ukoo wao mama mkwe hampi mkwewe mkono, hali naye meza moja, haingii chumba alimo, wala hasemi naye ana kwa ana. Kila alipokuja Nakuru alilala Gilgil kwa mwanawe, Wamalwa. Hapa aliwekewa kiti uani, chini ya dirisha la jikoni, akaketi akiwa ameligeukia lango. Katika miaka tisa ya ndoa ile, kila neno kati yake na Kipruto lilipitia kwa mtu wa tatu.

"Cherop," alisema, "muulize baba yako anachoma biskuti au tairi."

Cherop alichungulia dirishani. "Baba, Kukhu anauliza unachoma biskuti ama tairi."

"Nimesikia. Mwambie ni biskuti."

"Kukhu, anasema ni biskuti."

"Mwambie nashukuru kujua. Sasa muulize peremende aliziweka saa ngapi."

"Kabla ya kuingiza kwa oveni," Kipruto alijibu mwenyewe kwa sauti, akamtazama Cherop ili heshima isivunjike. "Mwambie mzigo hupakiwa kabla ya safari."

Mabega ya Nerima yalitikisika kwa kicheko. "Mwambie hii si lori. Hapa safari kwanza, mzigo baadaye."

Kazi ikaanza upya. Nerima alisema, Cherop alirudia, Kipruto alitenda. Majarini na sukari vikapigwa hadi vikawa vyeupe. Yai likafuata, kisha unga, kidogo kidogo. Madonge yawe kama ndimu ndogo, yabonyezwe kidogo tu.

"Na aache nafasi," Nerima aliongeza. "Zikipata moto zitajinyoosha kama abiria aliyepata kiti cha nyuma peke yake."

"Baba, uache nafasi, na kuna abiria."

Trei iliingia ovenini saa nane na dakika ishirini. Kipruto alichuchumaa mbele ya kioo.

"Zikionekana mbichi katikati na ukingo umeanza rangi, atoe," Nerima alisema. "Asingoje zikauke. Halafu..."

Lakini langoni sauti ziliita. Wageni wa kwanza walikuwa wamewahi, Weldon akiwa mbele. Cherop alitoka mbio kwenda kuwafungulia.

Uani hapakubaki mtu wa kurudia maneno. Kipruto aliziangalia biskuti. Katikati zilikuwa laini, na mkono wake haukuthubutu. Neno "atoe" alikuwa amelisikia, lakini hakujua kama wakati wake umefika. Maneno ya Cherop ndiyo aliyokuwa akiyangoja.

Nerima aliinusa harufu. Majarini ilikuwa imeshaiva. Sukari ilikuwa inakaribia kuungua. Alimwita Cherop mara mbili. Mtoto hakusikia. Angeweza kusimama na kuingia. Hatua zilikuwa tano. Desturi ilitaja mlango, mkono, meza na maneno ya ana kwa ana.

Simu haikuitaja.

Alifungua mkoba, akaitafuta namba ya Kipruto, iliyokuwa ikimtumia nauli, akapiga. Jikoni simu ililia.

"Baba Cherop," alisema, bado amelitazama lango. "Toa sasa."

Sauti ilimfikia Kipruto kutoka pande mbili, sikioni na dirishani. Alifungua oveni, akatoa trei.

"Nimetoa, mama."

"Hesabu hadi sitini. Kisha kandamiza peremende, moja moja, biskuti zingali moto. Usisukume kama unafunga turubai."

Alihesabu. Akakandamiza nyekundu, njano, kijani. Zilizama kidogo, zikashika, wala hazikupasuka.

Saa tisa Weldon aliuma biskuti, akatafuna kwa makini. "Hii ni ya duka."

"Ni baba yangu aliyeoka," Cherop alisema, akamwelekeza kidole Kipruto aliyesimama mlangoni, unga hadi kwenye nyusi. "Si yule pale?"

Weldon alimtazama dereva kutoka juu hadi chini. Kisha akachukua ya pili.

Kipruto aliweka biskuti mbili kwenye sahani, akaiacha kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akarudi ndani. Alisikia kiti kikisogezwa, kisha biskuti ikivunjika.

Simu yake ililia.

"Nzuri," Nerima alisema. "Lakini sukari umezidisha."