Nyumba Ambayo Hakuikagua

Mtaani walimwita Mama Mbwa, naye aliitika bila kinyongo. Uani kwake alitunza mbwa waliookotwa, akawatafutia watu wa kuwachukua, na hapo ndipo ukali wake ulipojulikana. Hakuna mbwa aliyetoka kabla Mama Mbwa mwenyewe hajaenda kuiona nyumba: atalala wapi, geti linafungika, watoto wana mikono ya kurusha mawe? Mfamasia mzima alinyimwa kwa sababu ya mnyororo mpya ulioonekana nyuma ya mlango wake.

"Huyu mama anagawa mbwa au anaozesha mabinti?" watu walicheka.

Soksi ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Mwili mweusi, miguu yote minne myeupe. Alimtoa kwenye kiwanda cha matofali, mnyororo umemla shingo hadi nyama. Soksi alikaa muda mrefu akikataa kuguswa hapo shingoni, na alipokubali, alimkubalia Mama Mbwa peke yake.

Ndipo mdogo wake Mama Mbwa, mwenye saluni, alipomtaka Soksi. Mama Mbwa akachukua mkoba.

"Haya, twende nikaone kwako."

Mdogo mtu akanuna. "Dada, unanikagua mimi? Mimi niliyelala nawe kitanda kimoja?"

Mama Mbwa akaona haya, akautundika mkoba wake msumarini. Wageni aliwachungulia hadi mvunguni mwa vitanda. Kwa ndugu yake hakwenda; alimkabidhi Soksi palepale mlangoni.

Picha zikawa zinaingia kwenye simu kila wiki: Soksi juu ya kochi, Soksi na mto wa bluu, Soksi kalala chali. Aliwaonyesha majirani mpaka wakamchoka.

Mchana mmoja toroli lake la kubebea chakula cha mbwa lilipata pancha, akalisukuma hadi kwa fundi matairi. Nyuma ya rundo la matairi makuukuu akasimama mbwa mweusi, miguu minne myeupe. Shingoni, mnyororo.

"Huyu umempata wapi?"

"Alinipa yule dada wa saluni," fundi akasema. "Eti anamchafulia kochi. Alikaa naye siku moja tu. Mchukue ukitaka, hata kubweka habweki."

Mama Mbwa akafungua zile picha kwenye simu. Mto uleule, mwanga uleule wa dirishani, kikombe kilekile pembeni. Zote zilipigwa siku moja, naye akalishwa mojamoja kama mgonjwa anavyolishwa uji.

Akapiga. "Soksi hajambo?"

"Hajambo kabisa, dada! Yuko hapa miguuni pangu, anakusalimia."

Akakata bila kuaga. Tumbo moja, titi moja, na bado akamfanya mjinga! Alitamani kulia, hasira ikamzuia.

Akapiga magoti kwenye vumbi. "Soksi, baba, ni mimi."

Soksi alimjua. Mkia ulitikisika kidogo. Lakini mkono ulipokaribia shingo, alirudi nyuma mpaka mnyororo ukakaza, akamtolea meno.