Miaka Kumi na Minane

Mama Liberati wa mlango wa pili, Mrundi asiyejua kukaa na neno mdomoni, alilieleza jengo zima kwamba Mama Salomon aliangushwa na mchele. Alimwona kwa macho yake mawili akipanda ngazi na gunia kichwani, mzee wa miaka sabini, mara akashika kifua, akaita Yesu mara tatu, gunia likapasuka na mchele ukamwagika mpaka kwenye magari. "Na binti yake yumo ndani anachezea simu," aliongeza, maana habari isiyo na mkosaji haina chumvi.

Mchele haukuwapo. Cibalonza, huyo binti, alikuwa kazini kwenye ghala akifunga maboksi, na aliporudi alimkuta mama yake chini, jikoni, midomo imekuwa rangi ya majivu. Siku nne mama alikuwa amelalamika kiungulia. Akachemsha tangawizi, akanywa, akaendelea kufua. Hospitalini wakasema haikuwa kiungulia: siku ile ya kwanza moyo ulishambuliwa, kipande cha nyama yake kikafa, na siku ya nne nyama hiyo iliyoshikilia kimojawapo cha vilango vya moyo, yaani vali, ikachanika. Sasa damu inayopaswa kwenda mbele ilikuwa inarudi nyuma na kujaza mapafu. Walimwingizia mashine pajani ya kuusaidia moyo kusukuma. Kesho asubuhi watampasua, wamwekee vali nyingine.

Mchele wa Mama Liberati haukumuuma Cibalonza. Kilichomuuma ni mambo mawili ambayo jirani hakuyatunga, aliyasikia tu kama mji mzima wa Louisville, hapa Amerika, ulivyoyasikia: kwamba mama ana miaka sabini, na kwamba ni Mama Salomon.

Mama yake ni Mama Précieuse. Mtoto wake wa kwanza ni Précieuse, aliyeko Buffalo. Wa pili ni Cibalonza. Hakuna wa tatu. Salomon ni mdogo wa marehemu baba yao. Mama alipoolewa, Salomon alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na bibi harusi ndiye aliyemfulia kaptula za shule. Kwenye kambi ya wakimbizi, wakati wa kuandikwa kwa safari ya Amerika, shemeji hakuwa na nafasi kwenye faili ya mjane. Mwana alikuwa nayo. Basi Salomon akaamua kuwa mwana.

Tatizo likawa miaka, maana mama alimzidi miaka sita tu. Mmoja wao ilibidi asogezwe. Salomon alikuwa na diploma yake ya sekondari, mwaka wake wa kuzaliwa umepigwa muhuri, naye hakutaka kuipoteza. Mama hakuwa na karatasi yoyote. Miaka yake ilikuwa laini, ikavutwa. Alilala na miaka arobaini na saba, akaamka na sitini na mitano. Salomon akamfundisha jioni tatu mfululizo: tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka wa arobaini na tano. Akamfundisha na kutembea polepole. Cibalonza alikuwa anaosha sahani pembeni, akaona yote, akanyamaza. Miaka mitano amenyamaza.

Sasa daktari mpasuaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa amemweleza kwenye korido, mkalimani akiwa kwenye simu: "Kwa mtu wa miaka sabini tunachagua vali iliyotengenezwa kwa ngozi laini ya moyo wa ng'ombe. Inakaa miaka kumi, kumi na mitano. Inamtosha."

"Na kama si sabini?" Cibalonza aliuliza. "Kama ni mtu wa hamsini?"

"Hapo tungezungumza juu ya ile ya chuma. Haichakai, ila anakunywa dawa ya kulainisha damu kila siku mpaka kufa. Ya ng'ombe kwa mwili wa hamsini huchakaa mapema, kifua kinafunguliwa tena." Daktari akamtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu," alisema Cibalonza.

Akampigia Précieuse, ambaye kazi yake ni kutunza wazee huko Amherst, kando ya Buffalo.

"Wazee wangu wawili wako nayo hiyo ya ng'ombe," Précieuse alisema. "Mmoja ana miaka themanini na nane. Yeye atakwisha mbele ya vali kuchakaa. Lakini Mama? Wamfungue kifua kesho, wamfungue tena akiwa na sitini na mbili? Sema ukweli, Ciba. Niko napanda basi jioni hii."

"Utafika wamekwisha kumpasua."

"Donc, basi, sema bila mimi."

Salomon alifika saa nane mchana kutoka Hilliard, kule Columbus, shati limepigwa pasi kama mtu anayekwenda kusimamia harusi. Akambusu mama kwenye paji la uso, akamwambia nesi kwa Kiingereza kizuri kwamba yeye ndiye mwana wa kwanza. Cibalonza akamvuta mpaka chumba cha kungojea.

"Baba mdogo, daktari anachagua vali kwa miaka. Lazima tumwambie miaka ya kweli."

"Ssss! Usiniite vile hapa." Akaangalia mlango. "Bon, sikiliza. Kiapo yangu ya uraia iko tarehe kumi na mbili. Wiki tatu. Watu wa uraia bakiona mama yako si mama yangu, bananirudisha."

"Mimi sisemi na watu wa uraia. Nasema na daktari."

"Daktari anaandika! Hapa kila kitu kinaandikwa. Na wewe uko ndani ya dossier ile ile, faili moja na sisi, usijifanye malaika. Zote mbili ni vali. Tumwachie Mungu achague."

"Mungu hakuandika arobaini na tano. Uliandikisha wewe."

Salomon akacheka kwa pua. "Na primaire yako ya sita, darasa la sita tu, unataka kumfundisha daktari kupasua?"

"Primaire yangu ya sita inatosha kutoa hamsini na mbili kwenye sabini. Ni kumi na minane. Ulimbebesha wewe, kwa sababu diploma yako ilikuwa na bei kuliko yeye. Aliacha hata jina lake. Watu wanamwita Mama Salomon, anaitika! Umewahi kumwambia aksanti?"

"Nilikuwa nafa kule, Cibalonza."

"Najua. Alikuokoa. Sasa ni yeye anayekufa."

Salomon alivuta mikono ya shati, kama vile vumbi ndilo lililomtukana.

Saa kumi daktari aliingia na karatasi ya kutia sahihi. Simu ya mkalimani iliwekwa kitandani, karibu na goti la mama. Mkalimani alikuwa Mtanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama kitambaa cha meza. Swali la kwanza lilikuwa tarehe ya kuzaliwa.

Mama alisogeza barakoa ya hewa kwa vidole viwili. Pumzi ilikuwa haitoshi hata ya kukohoa, lakini ya hilo ilipatikana. "Tarehe moja," alisema. Akavuta hewa. "Mwezi wa kwanza." Akavuta tena. "Arobaini na tano."

Cibalonza aliinamia simu. Hakupaza sauti.

"Si kweli."

Mkalimani aliuliza: "Samahani dada, nimtafsirie daktari hilo?"

"Mtafsirie yote. Mama yangu amezaliwa mwaka wa sitini na tatu. Ana miaka hamsini na mbili. Na huyu bwana si mwanawe, ni baba yangu mdogo."

Salomon alitoa funguo za gari mfukoni. Daktari alimwangalia yeye, akaiangalia ngozi ya mikono ya mama, akaweka kalamu mfukoni. Alisema maneno mengi taratibu, na mkalimani akayaleta.

"Daktari anasema karatasi za serikali si kazi yake. Kazi yake ni vali atakayoiweka kesho. Lakini mgonjwa amesema hivi na binti amesema vile, na kifua ni cha mgonjwa. Kwa hiyo anamuuliza mwenyewe mara ya pili: mama, una miaka mingapi?"

Mama hakumtazama daktari. Hakumtazama binti yake. Alimtazama Salomon, vile mtu anavyomtazama mwenye nyumba kabla ya kukaa kwenye kiti. Cibalonza akaelewa. Hata bila pumzi, hata na mashine pajani, mama asingeitoa ile tarehe kinywani mpaka aliyeiweka amruhusu.

Salomon alikuwa amesimama kando ya pazia, funguo za gari mkononi.

"Baba mdogo," Cibalonza alisema, "wewe ndiye ulimfundisha. Mwambie aseme kweli. Hatukuombi kitu kingine. Mwambie tu: 'Mama Précieuse, sema.'"

Mashine ilisukuma, ikapumzika, ikasukuma; Salomon alizigeuza funguo, mama bado akimngoja.

"Halo?" mkalimani aliita kutoka kwenye simu. "Kuna aliyejibu? Mimi sijasikia."