Durmuş Nyuma ya Ukuta

Meneja Rıfkı alimtuma fundi Nevzat akapige picha ya ukuta mpya mgodini, ipelekwe kwa wakubwa Ankara. Katika migodi ya Zonguldak flashi ni marufuku, maana gesi ya makaa haina mzaha na cheche. Nevzat akaiacha filamu ya polepole anayopigia maharusi, akachagua ile ya kasi kuliko zote dukani kwake, iweze kuridhika na taa za wachimbaji. Hata hivyo mwanga ulikuwa haba, kwa hiyo wakati wa kuisafisha aliiacha ndani ya dawa muda mrefu kuliko kawaida.

Picha ilitoka na chembechembe kama imenyunyiziwa sembe. Ukuta ulionekana mwembamba kama chandarua, na nyuma yake wanaume saba walikuwa wakichimba makaa. Ni wale waliojengewa ukuta wakiwa ndani siku mgodi uliposhika moto, meneja alipoona afadhali kuokoa makaa kuliko watu. Wakubwa wa Ankara aliwaambia kwamba mle ndani hamkuwa na mtu. Mkavu wa macho, hana hata soni! Nevzat aliisuuza picha, akaianika.

Satı, mke wa Durmuş, mmoja wa wale saba, alikuja dukani akaitazama.

"Huyu wa pili ni wangu. Amekonda."

"Ni chembe za filamu hizo, dada."

"Chembe gani, Nevzat? Hawampi chakula! Na mwezi wake umekwisha tangu kabla ya mvua."

Wanaume wa vijijini huchimba mwezi mmoja, hulima mwezi unaofuata. Satı alitaka mumewe atolewe, awe wa kulishwa au wa kuzikwa. Wakaenda wote wawili kwa meneja.

Rıfkı aliitazama picha huku akikoroga chai.

"Si nilisema? Hakuna aliyekufa."

"Basi mfungulie, Bwana Rıfkı! Ngano itapandwa na nani?"

"Mtu yuko kazini, mama, wewe unataka nimkatize?" Akamgeukia Nevzat. "Hongera, fundi. Filamu yako inaona mbali."

Nevzat alitamani kummwagia ile chai usoni. Hakummwagia.

Kesho yake meneja aliamuru ukuta utobolewe tundu la kadiri ya ndoo. Makaa yakaanza kutoka siku hiyohiyo, mazuri, yamechambuliwa mawe. Satı alipopata habari alifunga mkate na zeituni kitambaani, akapeleka kwenye lango la mgodi.

Mlinzi alimrudishia kifurushi.

"Haiwezekani, shemeji. Tundu lile ni la kutolea tu."