Jina kwenye Bamba la Fursa

Tangu asubuhi Laudomia hakutia kitu tumboni. Baba yake, mzee Ercole, mchonga shaba anayejulikana mji mzima wa Mantova, alikuwa amemwahidi kwamba bamba hili la kuchapia picha likimpendeza litabeba jina la binti, si la baba. Mpaka siku hiyo, kila alichochonga binti kilitoka kwa jina la mzee.

Humo Laudomia alikuwa amemchonga Fursa, yule mungu wa kike wa watu wa kale, anakimbia juu ya tufe, nywele zote mbele, kisogoni upara.

Bernardo, mpiga chapa wao, akachungulia. "Dada, huyu kanyolewa na nani?"

"Na wewe. Ndiyo maana anakimbia. Mshike nywele anapokuja, maana akishapita utapapasa upara tu."

Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alilisoma bamba kwa ukucha. Akapita mgongoni mwa Fursa, akapita kwenye shuka yake inayopepea, mistari ikinenepa na kukonda bila kukwama popote. Ungeapa upepo unavuma ndani ya shaba. Ukucha ukarudi kwenye shuka, ukarudi tena.

"Mama," akamwambia bintiye, "mimi sijawahi kuchonga hivi. Nipe chuma cha kuchongea. Jina lako nalichonga kwa mkono wangu."

Akalichonga taratibu, machozi yakimdondoka. Bernardo akapaka wino, akapangusa, akapitisha bamba mtamboni, akabandua karatasi. Fursa akatoka mzima, mzuri ajabu. Laudomia akatafuta jina lake, akaliona limegeuka nyuma mbele.

"Mzee!" Bernardo akashika kichwa. "Umeliandika kama mtu anayeandika ukutani!"

Katika kazi ile hata mwanagenzi wa jana anajua kwamba herufi huchongwa kinyume, ili karatasini zisomeke. Ercole alizeeka akichonga kinyume bila kukosea.

"Nimekuharibia, mwanangu. Lete kikwangulio nilifute."

Laudomia akalifunika jina kwa kiganja. "Usiliguse, baba. Ilikuwaje?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nilisahau karatasi. Nilisahau na wanunuzi. Nilikuwa nakuandikia wewe."

Laudomia akaondoa kiganja, akalitazama jina lake pale kwenye shaba, limenyooka, kila herufi mahali pake.

"Basi mimi nimeshalisoma," akasema. "Bernardo, chapa. Wengine watafute kioo."