Utepe wa Rangi ya Waridi

Uvumi ulinifikia kwa redio koli, nikiwa napasua samaki, na mpaka leo haujanitoka masikioni: kwamba vijiti vya kupimia barabara ya kwenda kisima cha mafuta vimekwisha kuchomekwa mahali pangu pa wavu, na mkutano wa kutuuliza kama tunakubali bado wiki tatu.

Aliyeutoa ni wifi yangu Flossie, ambaye hata msiba huutangaza kwa mzaha. "Dorcas, kuna vijiti vya utepe wa waridi vimejipanga pale kwako kama wageni wa harusi. Unaolewa bila kutuambia?" Kijiji kizima kilisikia, maana redio zetu zote ziko wazi mchana kutwa. Nilicheka pamoja nao. Kisu kikanikata kidole gumba.

Mahali penyewe ni kona ya mto ambapo maji hupunguza mwendo. Mama yangu alitega pale, na mama yake. Mwezi wa kumi, huku kwetu kaskazini ya mbali, barafu ya mto ikishaweza kubeba mtu, tunatoboa matundu na kupitisha wavu chini yake, na samaki tunaowaita qaaktaq wanakuja wanene, wa kuliwa wakiwa wameganda, kwa mafuta ya sili. Binti yangu Masak alikuwa na mimba ya kwanza. Nilikuwa nimeshamwambia kona ile itakuwa yake. Sikuwa na kingine cha kumwachia.

Nilikwenda kuvitazama. Vijiti kumi na kimoja. Nilitaka kuving'oa, Masak akanizuia, akasema watanishtaki, nisubiri mkutano, serikali imeandika kwamba haijaamua. Msomi wa nyumba ni yeye. Mimi niliishia darasa la saba. Nikasubiri.

Mkutano ulifanyika mchana, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Watu wa serikali walileta supu. Walileta na karatasi ya majina: ukiandika lako, unaingia kwenye bahati nasibu ya pipa la petroli. Tulipanga foleni. Kisha Bwana Hollis wa serikali, ndevu zimechanwa vizuri, sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa, alifungua kitabu kinene na kutueleza kwamba zipo njia nne. Ya kwanza ilikuwa kutochimba kabisa. Mzee mmoja aliuliza kama njia hiyo imewahi kuchaguliwa popote. Bwana Hollis akajibu kwamba sheria inataka iandikwe. Tatu zilizobaki zilikuwa na barabara, na barabara zote tatu zilipita kwenye kona yangu.

Kila mtu alipewa dakika tatu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu alfajiri, nikiyarudia mbele ya birika. Lakini nilipoiona ramani ukutani, mto wangu mwembamba kama uzi, kona yangu haina hata jina, yaliniganda. Nilitaja jina langu, nikataja la mama yangu, basi. Bwana Hollis akaniinamia kwa upole, na sitamsingizia, ulikuwa upole wa kweli.

"Mama, barabara ikipita hapa, mtaweza kuishi nayo?"

Nikakunja pua.

Kwetu hilo ni jibu. Hata mtoto ambaye hajaanza kusema analijua. Ukiinua nyusi umesema ndiyo. Ukikunja pua umesema hapana, tena hapana nzito kuliko ya mdomo, kwa kuwa haina nafasi ya kubishana. Nyuma yangu viti vililia, watu wakitazamana, na najua ukumbi mzima ulikuwa umekunja pua. Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka. Bwana Hollis alisubiri kidogo, akanishukuru, akaita jina lililofuata. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa mwepesi. Nilidhani nimesema.

Uamuzi ulikuja kwa posta miezi saba baadaye, Masak akiwa ananyonyesha. Alinisomea mahali palipoandikwa jina langu, kidole kikifuata mstari, kikasimama. Nikamwambia asome tu.

"Aliulizwa kuhusu barabara. Hakutoa pingamizi."

Wale waliosema kwa midomo waliandikiwa kwamba maoni yao yamezingatiwa. Na chini kabisa: wanakijiji arobaini na mmoja walishirikishwa. Walikuwa wametuhesabu kwenye karatasi ya petroli.

Tulikata rufaa. Wakili alikuja kwa ndege, akala samaki wetu, akatufafanulia kwamba jaji husoma yaliyomo kwenye jalada tu. Nikamwuliza kama jaji anaweza walau kunitazama usoni.

"Hapana, mama," akasema. "Uso wako haumo kwenye jalada."

Sasa malori yanapita. Samaki nao wanapita, wachache, wamekonda, na kila mwaka anakuja mtu kuwapima na kuniambia bado ni mapema kusema. Masak hategi tena. Anasema barafu inamtetemekea miguuni. Mwanawe ana miaka sita. Ukimpa uji asioutaka hukunja pua, nami moyo unaruka, namwambia sema, sema kwa mdomo. Mtoto hunitazama akiona bibi amekuwa mkali bure.

Nasikia wenye vijiti sasa wanaelekea vijiji vya mashariki. Huenda nao ni uvumi. Kwenu mlioko huko, wenye mabinti:

Usicheke ukisikia habari ya vijiti.

Usisubiri mkutano.

Usiandike jina lako kwenye karatasi ya petroli.

Usiiache kona yako bila jina kwenye ramani yao.

Usisimame mbele ya kinasa sauti bila maneno yako kwenye karatasi, hata kama huyajui kuyaandika vizuri.

Usiamini upole.

Usijibu kwa uso.

Usimwahidi binti yako mto.